Bwana Yangu Iko kwa Karatasi

Miaka ile ya mkataba wa amani, kabla watu wa Kusini mwa Sudan hawajapiga kura ya kuamua mambo yao, nilikuwa karani wa mapokezi katika hoteli moja ya makontena kule Thongpiny, mtaa mmoja wa Juba. Pia nilikuwa mwandishi wa blogu ya siasa. Kazi ya kwanza ilinilisha. Ya pili ilinivimbisha kichwa.

Kabla ya hapo nilikuwa mwalimu wa Kiswahili katika shule ya upili kwetu, magharibi mwa Kenya, mwalimu wa kalamu nyekundu, wa kuogopwa. Niliacha chaki kwa sababu Juba walikuwa wakilipa kwa dola nami nilikuwa na nyumba iliyokwama kwenye linta. Lakini ualimu haukuniacha. Mgeni akiomba "chumba ingine", nilimpa ufunguo huku nikimwambia, kwa tabasamu, kwamba ni chumba kingine. Mpishi wetu Mganda aliacha kabisa kuongea Kiswahili nikiwa karibu. Nilidhani nawasaidia watu.

Blogu niliiandika alasiri, wageni wakiwa kazini na jenereta ikinguruma nyuma ya jikoni. Waliokuwa wakinisoma ni Wakenya wa benki na wa mashirika, Waganda wenye maduka, na watoto wa nchi yenyewe waliokuwa wamerudi kutoka Nairobi, Eldoret, Arua na makambini, waliorudi na magodoro, masufuria na Kiswahili cha huko walikotoka. Niliandika juu ya matumizi ya serikali. Magari makubwa yasiyo na barabara. Warsha za siku tano za kujadili warsha iliyopita. Kuhusu maafisa waliolala hotelini kwetu miezi na miezi kwa gharama ya wizara sikuwahi kuandika hata mstari mmoja, maana mshahara wangu ulitoka kwenye vitanda hivyo. Hilo naliona leo. Wakati ule nilijiita mtu asiyeogopa.

Nitasema ukweli: makala zenyewe hazikunipa raha kama maoni ya wasomaji. Nilikuwa nayangoja. Mtu akinishambulia, moyo wangu ulichangamka, nikavuta kiti karibu na kompyuta. Msomaji mmoja aliniambia, wewe Mkenya, kahesabu kwanza wezi wa kwenu. Nikamjibu kwamba wa kwetu nilikwisha kuwahesabu, na ndiko nilikopata uzoefu. Jibu hilo lilisambazwa Juba nzima. Mtu alinisimamisha benki akanishika mkono kwa ajili yake.

Basi siku moja mgeni wetu, Mkenya mwenzangu, mshauri wa mambo ya fedha aliyevaa tai hata kwenye joto la mwezi wa tatu, alitoa fotokopi ya ripoti pale mapokezi akasahau kurasa nne kwenye mashine. Nikazisoma kabla sijamrudishia. Zilihusu kikosi kimoja cha jeshi. Zilisema kwamba kwenye orodha ya mishahara ya kikosi hicho kulikuwa na majina mengi ya watu waliokwisha kufa, na kila mwezi fedha zao zilichukuliwa.

Jioni hiyohiyo nikaweka makala yenye kichwa "Wafu Wanaokula Mshahara". Niliandika kwa hasira tamu, ile hasira ya mtu anayejua anasomwa. Niliuliza marehemu wanapanga foleni vipi, wanatia sahihi kwa mkono gani. Nikamalizia kwa maneno niliyoyapenda mno: "Futeni wafu, jengeni zahanati." Nilisoma sentensi hiyo mara kadhaa kwa sauti, peke yangu, nikiwa nimekaa kwenye kiti cha mapokezi.

Maoni yakaja kwa wingi. Mmoja alisema sikuwa msituni wakati wenzake wanakufa, kwa hiyo sina haki ya kuwataja. Nikamjibu kwamba aliyekufa msituni hakufa ili jina lake linunulie mtu gari. Mwingine, Mganda mwenye kibanda cha vitunguu katika soko la Konyo Konyo, aliuliza fedha hizo zikikatwa nani atakuja kununua kwake, maana wateja wake wa mwisho wa mwezi anawajua, na wengi ni akina mama. Nikamwambia anatazama nchi nzima kupitia gunia la vitunguu. Yule mtu alikuwa ameniambia kila kitu nilichohitaji kujua, nami nikamfanyia mzaha.

Kisha yakaja maoni ya mwanamke. Nilijua ni mwanamke kwa sababu alianza kwa kusema hivyo. Aliandika:

"Mimi mama. Mimi iko na watoto tatu. Bwana yangu iko kwa karatasi. Ukitoa yeye kwa karatasi, bwana yangu haiko tena. Wacha yeye."

Mtu mwenye akili angesimama hapo akajiuliza huyu mama anasema nini. Mimi niliona "iko". Nikaona "bwana yangu". Niliona "watoto tatu". Kalamu nyekundu ikanyanyuka yenyewe. Nilidhani mumewe ni karani fulani anayehofia kazi yake, na hata hilo sikulifikiria sana. Jibu langu nalikumbuka neno kwa neno, na ningependa sana kulisahau.

"Dada, asante kwa maoni. Ila tusahihishane kidogo. Karatasi iko, mtu yuko. Na mtu asipokuwapo, tunasema hayuko. Kwa hiyo sema hivi: bwana wangu hayuko. Rudia mara tatu."

Wasomaji walicheka sana. Wengine waliandika "hayuko, hayuko, hayuko" chini ya jibu langu, kama darasa. Nikaenda kula nikiwa na furaha.

Siku mbili baadaye alijibu. Hakutukana. Alisema: "Asante ustaz. Wamesema mshahara ni Alhamisi. Kuja Jebel, nyuma ya soko, geti ya mabati ya kijani. Mimi nakaa kwa mawe karibu na geti, na kitenge nyekundu."

Ustaz ni mwalimu kwa Kiarabu cha Juba. Nililipokea neno hilo kama haki yangu. Nilimwomba mwenzangu anishikie zamu, nikachukua daftari, nikapanda bodaboda. Nia yangu ilikuwa moja tu, kuwaona kwa macho yangu watu wanaochukua fedha za wafu, niandike sehemu ya pili.

Nyuma ya soko, chini ya mlima, kulikuwa na uwanja wa vumbi uliozungushiwa mabati. Nilitarajia kukuta wanaume wanene. Nilikuta wanawake. Walikuwa wengi, wamekaa chini, juu ya mawe, juu ya madumu yaliyogeuzwa, wengine wakinyonyesha. Wanaume walikuwepo, lakini kati ya waliokuwa karibu nami mmoja alikuwa na mguu mmoja na mwingine hakuwa na macho. Mbele kulikuwa na meza, na kwenye meza shawishi, yaani sajini, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa waya, akisoma orodha.

Alisoma majina matatu matatu kama ilivyo desturi yao, jina la mtu, la baba yake na la babu yake. Yote yalikuwa majina ya wanaume. Na kila alipomaliza kutaja mmoja, mwanamke fulani aliinuka, akafunga kitenge vizuri, akajibu kwa sauti:

"Fi."

Nilikuwa nimekaa Juba muda wa kutosha kulijua neno hilo. Lilikuwa la kwanza kujifunza sokoni. Maji fi. Sukari fi. Mkubwa ofisini fi. Kikiwepo kitu au mtu, ni fi. Kisipokuwepo, ni mafi, basi. Kiarabu cha Juba hakina habari na ngeli. Nilisimama pale na daftari langu, nikaelewa kwamba yule mama hakuwa amekosea. Alikuwa ametafsiri. Alichoniandikia ni kile alichokisema hapa kila mwezi kwa niaba ya mumewe, mbele ya watu, kwa sauti.

Nilimpata kwenye mawe. Alikuwa mrefu, mwembamba, wa umri wa miaka arobaini hivi, na mikono iliyochujuka kwa sabuni. Nilijitambulisha kwa aibu ambayo sikuwa nimepanga kuwa nayo. Alinipisha nafasi kwenye jiwe lake. Tulikuwa tumekaa hivyo, bega kwa bega, jina la mumewe lilipoitwa. Akainuka, akajibu, akaenda mezani, akabonyeza kidole kwenye wino, akarudi akakaa.

Kiswahili alikuwa amekipata kwenye makambi ya kaskazini mwa Uganda, alikoishi vita vikiwa vimepamba moto. Sasa alikuwa anafagia na kupiga deki katika ofisi moja Thongpiny, mwendo wa dakika tano kutoka hotelini kwetu. Mhasibu wa ofisi ile, Mganda mcheshi, alikuwa akiwasomea wenzake blogu yangu kila wiki. Makala ya wafu waliisoma mara mbili. Saa ya chakula mama huyu alimwomba mhasibu amfungulie ukurasa, akaandika maoni yake kwa kidole kimoja, na ilimchukua saa nzima ya mapumziko. Jibu langu nalo lilisomwa kwa sauti, na walipofika pale pa kurudia mara tatu, ofisi nzima ikarudia mara tatu. Hawakujua ni yeye aliyeandika hayo, au walijua wakasahau. Yeye aliendelea kufagia.

Mumewe alikuwa amekufa vitani. Wenzake walileta habari tu, hawakuwa na cha kuzika. Amani ilipokuja na orodha zikaanza kuandikwa, kamanda wake aliwaita wajane akawaambia kwamba fungu la wajane halipo, kwa hiyo kila mmoja alete jina la mume wake, liandikwe pamoja na ya walio hai. Kwa kamanda yule ilikuwa huruma, na sioni ni neno gani jingine la kuiita. Sharti lilikuwa moja. Mtu aliye kwenye orodha hawezi kuwekewa bika, yaani matanga. Wakikusanyika watu nyumbani kwako chini ya turubai, wakilia, habari itafika ofisini.

Kwa hiyo miaka yote hiyo hakuwa amemlilia. Wakwe walijua, wakanyamaza. Watoto wakubwa wawili walijua, wakanyamaza. Mdogo, msichana, alikuwa mgongoni habari ilipokuja, na ili asije akabwabwaja kwa majirani aliambiwa baba yuko kazini mbali, kule mpakani. Aliamini kwa sababu alikuwa na ushahidi. Kila mwezi mama alirudi na fedha, na mtoto alisema baba hawasahau.

"Wewe ulisema niseme hayuko," mama yule aliniambia, akiwa anatazama meza wala si mimi. "Mimi nikisema hiyo, watoto natoka shule. Na ile mdogo, baba yake nakufa."

Niliomba msamaha. Nilimwambia nitaandika makala nyingine, ya kusahihisha, kubwa kuliko ile ya kwanza, nieleze haya yote. Hii ndiyo dawa pekee niliyoijua: kujibu maoni. Alitikisa kichwa.

"Hapana kuandika, ustaz. Ukiandika nzuri, ukiandika mbaya, watu watakuja hapa."

Nilirudi Thongpiny nikaifuta ile makala pamoja na maoni yake yote. Wasomaji waliuliza nimetishwa na nani, nimelipwa na nani. Kwa mara ya kwanza sikumjibu hata mmoja. Nilikaa nikisoma matusi yao kimyakimya, nikaona mengine yanastahili.

Nilidhani kufuta kunatosha. Wiki chache baadaye yule mshauri mwenye tai alirudi hotelini, na kabla hata sijampa ufunguo akanishika mkono kwa mikono miwili. Alikuwa ameitoa makala yangu kwenye printa siku ileile ilipotoka, akaitafsiri kwa Kiingereza, akaiweka juu kabisa ya faili lake. Wakubwa mkutanoni walikuwa wamecheka sana na kale kasentensi ka zahanati. Orodha ingesafishwa. Nikamuuliza, je, wajane? Akasema wajane wamo katika mapendekezo, watatafutiwa fungu lao. Lini? Awamu ya pili, akasema, akachukua begi lake.

Sijui kama makala yangu ilibadilisha kitu. Ripoti ilikuwepo kabla yangu, na pengine ingefika huko ilikokuwa ikienda hata kama mimi ningeandika juu ya mvua. Nimejiambia hivyo mara nyingi. Haijanisaidia bado.

Nilikwenda kwa miguu hadi ofisini kwake nikamwita getini. Alitoka na fimbo ya deki mkononi. Nilimweleza nilichosikia. Hakuniuliza kuhusu fedha.

"Bado wataita yeye mara ngapi?" aliuliza.

Nilimwambia labda mara moja. Akashukuru, akarudi ndani kumalizia sakafu.

Sikuwepo siku ya mara hiyo moja. Nilikuwepo mwezi uliofuata. Shawishi wa miwani ya waya hakuwepo mezani. Walikuwepo vijana wa kompyuta na kamera, wapole, wakisema tafadhali. Orodha ilikuwa fupi. Niliyasikia majina yakipita, nikalisikia lile lililokuwa likitangulia jina la mumewe, kisha moja kwa moja lile lililokuwa likifuata. Mama hakushtuka. Alibaki ameketi mpaka mwisho, na wanawake wengi walibaki wameketi hivyohivyo, kitenge kimefungwa tayari kwa kuinuka. Hakuna aliyepiga kelele. Vijana walipoanza kukunja meza ndipo wakaondoka mmoja mmoja.

Tulitembea pamoja hadi sokoni. Karibu na wauza mkaa alisimama.

"Sasa naweza kulia," alisema. "Jumamosi ni bika. Wewe kuja."

Nilikwenda. Nilipita Konyo Konyo nikanunua sukari na majani ya chai, na kwenye kibanda kimoja cha vitunguu nilinunua vitunguu bila kuuliza mwenyewe ni nani. Niliogopa kuuliza. Nyumba yake ilikuwa mwisho wa Jebel, tukuli mbili, yaani vijumba vya duara vya nyasi, na ua wa matete. Turubai lilikuwa limeazimwa kanisani. Viti vya plastiki vilipangwa, katekista akasoma, wakaimba, kisha wanawake wakaanza kulia.

Nimehudhuria matanga mengi. Kilio kile sijawahi kukisikia tena. Kilikuwa kimewekwa miaka mingi, naye alikuwa anakitoa chote alasiri moja, amelala kifudifudi kwenye vumbi, na akina mama wengine, ambao sasa naamini walikuwa na waume wao kwenye orodha ileile, walikuwa wakilia naye kila mmoja wa kwake. Nililia pia. Mzee aliyekaa jirani yangu alinipigapiga goti akaniambia malesh, pole, akidhani nilikuwa rafiki wa marehemu.

Mtoto wake mkubwa ndiye aliyekuwa akigawa maji. Alikuwa amekwisha kuacha shule. Wiki ile nilikuwa nimemwona akiosha magari karibu na uwanja wa ndege, bila kujua ni mtoto wa nani. Hakujua mimi ni nani zaidi ya kuwa ustaz mmoja, akanipa maji kwa heshima, mkono wa kulia ukishikiliwa na wa kushoto.

Kilio kilipotulia na chai ikaanza kumiminwa, yule msichana mdogo alikuja akakaa kwenye kiti kilichokuwa wazi kando yangu. Alikuwa na miaka kama minane. Alivaa sweta ya shule juu ya gauni, jua likiwaka, kwa sababu nadhani ndiyo nguo yake iliyokuwa nzuri. Hakuwa analia. Alikuwa akiwatazama watu kwa makini, anatafuta mahali pa kuanzia. Kisha akanigeukia.

"Ustaz," aliuliza, "baba imekufa lini?"

Kosa nililisikia. Sikio hilo halitaniacha mpaka nizikwe. Nililiacha lipite, nikabaki na swali. Nilijua jibu lake. Mama yake alikuwa amenipa, tukiwa tumekaa kwenye jiwe. Ilikuwa kabla mtoto huyu hajajua kutembea.

"Wiki iliyopita," nikamwambia.

Mama yake alikuwa amesimama nyuma yetu na birika la chai. Alinisikia vizuri. Hakunisahihisha.